Nusu Isiyoimbika

Kama kuna mtu aliyeingia ukumbini siku ile akiwa ameshaupenda mchezo kabla haujaanza, basi ni Chiriku. Aliupenda tangu nyumbani, akiwa bado amepiga magoti anatafuta kiatu cha pili chini ya kitanda. Aliupenda njiani, akimwambia kila aliyemsalimia, na wengine ambao hawakumsalimia, kwamba leo anakwenda kuona kazi ya mwanawe.

"Si wa kumzaa," aliongeza, "ni wa mdogo wangu. Lakini nywele zake za kwanza nilizisuka mimi, kwa hiyo kichwa kile ni changu."

Jina lake halisi lilikuwa limebaki kwenye vyeti tu. Msusi anayeongea tangu anafungua mlango hadi anaufunga, utamwita nani kama si Chiriku? Saluni yake ilikuwa barazani kwake: kioo, benchi ya wanaosubiri zamu, na kiti kimoja cha kuzunguka ambacho kilikuwa kimeshasahau kuzunguka. Watu walikuja kusukwa, lakini walikuja kutaniwa pia. "Tulia, mwanangu," alimwambia bibi harusi mmoja aliyekuwa akiruka kila kitana kikipita. "Ukitikisa kichwa hivi siku yenyewe, watadhani umekataa."

Na pamoja na mdomo wote huo, kulikuwa na jambo moja lililowashangaza waliomfahamu. Alichoambiwa kitini hakikutoka. Kusukwa ni jambo la ajabu: mtu amekupa kisogo, humwoni macho wala yeye hayaoni yako, vidole vyako viko kichwani mwake, na kidogo kidogo ulimi unalegea. Chiriku alijua mimba kabla ya waliozisababisha. Alijua nani anatafuta nyumba ya kuhamia na mumewe hana habari. "Kiti hiki ni kaburi," aliwaambia wateja wapya, na hata mumewe, aliyekuwa akikaa ndani hatua chache tu akitengeneza redio za watu, hakuwahi kuchimba akapata kitu.

Mumewe huyo aliitwa Fundi, na si na watu wa nje tu. Chiriku naye alimwita Fundi, isipokuwa akikasirika, hapo alikuwa "bwana wewe". Alikuwa fundi umeme maisha yake yote, mtu mrefu, mpole, asiyeweza kupita karibu na swichi bila kuigusa. Siku ile alivaa koti lake la harusi za watu, akakaa safu ya pili kutoka mbele, mahali ambapo mwongozaji mwenyewe alikuwa amewatengea.

Mwongozaji ndiye huyo binti wa mdogo wake, ambaye Chiriku alimwita Kadogo tangu akiwa na meno mawili na akaendelea kumwita hivyo hata alipofika hapo alipofika. Kadogo alisomea mambo ya jukwaa mbali, akarudi na miwani mikubwa na mawazo makubwa zaidi. Kazi yake ya kwanza ilikuwa kuuandaa upya mchezo ambao mji mzima ulikuwa ukiujua kwa moyo: Treni ya Alasiri.

Nani asiyeujua? Mchezo wa kuimba, mwanzo hadi mwisho. Mume anakwenda kutafuta kazi mbali, mkewe dobi anabaki. Wanaume wanakuja mmoja mmoja kumposa, mwenye duka, karani, mwenye masharubu, kila mmoja na wimbo wake, na kila mmoja anaondoka na ndoo ya maji ya sabuni kichwani. Mwishoni treni inaingia, mume anashuka, mke analia kifuani pake, na ukumbi mzima unasimama kuimba kiitikio pamoja na waigizaji. Shule ziliuigiza. Watu waliuimba wakifua. Ilikuwa desturi kwamba usipotoka ukumbini umekauka koo, hukwenda kuutazama.

Kwa Fundi na Chiriku ulikuwa zaidi ya hapo. Watoto wao walipokuwa wadogo, Fundi aliajiriwa kwenye mradi wa bwawa, mbali sana, akakaa huko miaka miwili. Aliporudi, Chiriku alimpokea kituoni na kulia mpaka akalilowesha shati lake, shati la buluu lenye mifuko miwili. Hadithi hiyo Fundi aliisimulia kwenye kila mkusanyiko, kwa wakwe, kwa wapangaji, kwa mtu aliyekuja kusoma mita. Hakuwa mtu wa maneno mengi, lakini hayo alikuwa nayo. "Nilikamua shati," alimalizia kila mara, na mikono yake ikakamua hewa. "Sisi tuna Treni ya Alasiri yetu."

Basi pazia likafunguka.

Jukwaani hakukuwa na nyumba. Hakukuwa na kamba za nguo, wala ndoo, wala beseni. Kulikuwa na kitanda, meza, na taa nyingi zimening'inizwa kwa nyaya ndefu, zote zimezimwa.

"Vyombo labda viko njiani," Chiriku alimnong'oneza mumewe.

"Ndiyo mambo ya kisasa," alisema sauti nyuma yao. Alikuwa Mama Mapacha, mteja wa kudumu, ambaye Chiriku alikuwa amemsuka juzi kwa ajili ya siku hiyo hiyo. "Unatakiwa ujijengee nyumba mwenyewe kichwani."

"Kichwa chako nakijua, mama, hakina nafasi ya nyumba. Labda banda."

Watu wa safu ya tatu wakacheka. Fundi hakusikia, alikuwa ameinua shingo anatazama juu. "Wamefunga vizuri," alisema kwa heshima. "Nyaya hazigusani kabisa."

Mwanamke wa mchezo akatokea, akaagana na mumewe mlangoni. Watu wakajiweka sawa, kwa sababu hapo ndipo wimbo wa kwanza ulipo, ule wa leso, ule ambao hata wanaume hujifanya wana mafua. Lakini mwanamke hakuimba. Alifunga mlango. Akasikiliza hatua za mumewe zikienda. Akakaa kitandani, akavua viatu, akavirusha, kimoja huku kimoja kule. Kisha akacheka.

Ukumbi nao ukacheka, wa kwanza Chiriku. Kadogo huyu! Alijua tu kwamba mtoto aliyelelewa barazani kwake hawezi kukosa utani.

Waposaji hawakuja. Mwenye duka, karani, mwenye masharubu, wote walikuwa wamefutwa. Badala yake mwanamke alisimama, akaenda kwenye taa ya kwanza akaiwasha, akaenda ya pili akaiwasha, huku anaimba wimbo ambao hakuna aliyekuwa ameusikia kabla. Aliimba kwamba mumewe huzima taa nyuma yake kabla hajatoka chumbani. Kwamba amezoea kumalizia kuvaa gizani. "Acha ziwake," aliimba, "acha ziwake zote," na jukwaa likazidi kung'aa mpaka watu wa mbele wakakinga macho.

Fundi alimgusa mkewe kwa kiwiko. "Huyo mume ana akili," alisema. "Bili hiyo atalipa nani?"

Chiriku alitabasamu, lakini tabasamu lilikuwa limeanza kuchelewa. Mwanamke jukwaani akajitupa kitandani. Alilala mshazari, kichwa pembe hii, miguu pembe ile, akaimba kwamba kitanda kina pembe nne na yeye alikuwa akiijua moja tu.

Hapo Chiriku akahisi baridi kwenye ngozi ya kichwa, pale pale palipopita vidole vya Kadogo.

Ilikuwa siku za saluni kufungwa. Kadogo alikuwa akija na kusema, "Mama mkubwa, kaa nikushike kichwa. Unasuka mji mzima, wewe nani anakusuka?" Na kweli, nani? Msusi hukaa kitini mara chache kama daktari anavyolala kitanda cha wagonjwa. Chiriku alikaa. Vidole vilikuwa vyepesi, alivifundisha mwenyewe. Baraza lilikuwa kimya, Fundi alikuwa amekwenda kutafuta vipuri. Na kile alichokuwa amekiona kikiwatokea wengine maisha yake yote, kikamtokea yeye. Ulimi ulilegea. Alisema kwamba ile miaka miwili ya bwawa alikuwa na raha ambayo hajawahi kuipata kabla wala baadaye. Alilala mshazari. Aliwasha taa zote. Watoto wakishalala alikula kwenye sufuria, kwa mwiko, amesimama. Aliitoa meza ya chakula sebuleni akaweka kiti cha kuzunguka, ndipo saluni ilipozaliwa. Na siku mumewe aliporudi, alilia kwa sababu raha ile ilikuwa imekwisha.

Hakuwa amemwambia mtu. Hakuwa hata amejiambia mwenyewe kwa sauti. Na alisema bila wasiwasi hata chembe, kwa sababu alikuwa ameketi kwenye kaburi.

Jukwaani mwanamke alichukua sufuria. Alichukua mwiko. Alisimama.

"Huyu mwanamke!" Fundi alicheka mpaka akatoa leso. "Anakula kama mkandarasi!"

Chiriku alicheka pia, kwa sauti kubwa kuliko inavyotakiwa, kama mtu anayepiga debe kumzuia mtoto asisikie jambo. Alikuwa akihesabu moyoni kile alichomwambia Kadogo, na kila alichokikumbuka kikatokea pale mbele kikiwa na ngoma na zeze.

Taa za mapumziko zilipowaka alishika mkono wa mumewe. "Fundi, tumbo linanisumbua. Twende nyumbani."

"Twende? Na mtoto ametuweka safu ya pili?"

"Tutamwambia kesho ulikuwa mzuri."

"Kaa kidogo, litatulia. Treni bado." Alisema hivyo kama mtoto aliyeahidiwa kitu. "Nataka kuona wataileta vipi treni na vitu vichache hivi."

Mama Mapacha aliinama katikati yao akitafuna njugu. "Jamani, huyu mwanamke nampenda! Huyo Kadogo ameyatoa wapi haya? Hajaolewa hata!"

"Wasomi hao," alisema Chiriku. "Wanayatoa vitabuni."

Alikuwa hajawahi kuona mtu akimtazama kwa huruma kama alivyojitazama mwenyewe kwenye kioo cha chooni dakika ile. Nywele zilikuwa zimesukwa vizuri. Hilo ndilo lililomuuma. Mtoto alikuwa amefanya kazi mbili kwa wakati mmoja na zote akazifanya vizuri.

Nusu ya pili ilianza kwa honi ya treni. Treni yenyewe haikuja. Ulikuja mwanga, ukapita juu ya vichwa vya watazamaji kutoka nyuma hadi jukwaani, polepole, na Fundi akageuka kuufuata kama anafuata ndege. "Safi," alisema. "Safi sana."

Kisha mume akashuka. Alivaa shati la buluu, lenye mifuko miwili. Kifuani alikuwa amekumbatia pangaboi, mabawa yamefungwa kwenye blanketi, kama mtu aliyebeba mbuzi mgonjwa.

Ukumbi ulipasuka kwa kicheko. Mtu gani anarudi kwa mkewe baada ya miaka amekumbatia pangaboi?

Mtu aliyekaa safu ya pili. Fundi alirudi na zawadi hiyo hiyo, kwenye blanketi hilo hilo, na mpaka leo pangaboi lilikuwa likizunguka juu ya kitanda chao. Sehemu hiyo hakuisimulia kwenye mikusanyiko. Aliionea haya kidogo. Alisema watu wangemcheka. Waliokuwa wakiijua ni wawili, yeye na mkewe, na wateja hawakuwa miongoni mwao.

Chiriku hakugeuka kumtazama. Alisikia tu kwamba pumzi iliyokuwa ikicheka pembeni yake imesimama.

Mwanamke wa jukwaani alikimbia, akamkumbatia mumewe na pangaboi lake, akalia kifuani kwenye shati la buluu. Watu wakaanza kusogeza viti, kwa sababu hapo ndipo wanaposimama. Lakini mwanamke akainua uso, akautazama ukumbi juu ya bega la mumewe, na kwa sauti nyororo iliyofika mpaka viti vya nyuma akaimba kwamba wasimwonee furaha. Kwamba analia kama anayefukiwa. Mume hakusikia, alikuwa anacheka kwa raha, anampapasa mgongo, anasema, "Umenilowesha, mke wangu, umenilowesha." Halafu akaweka pangaboi chini, akaanza kuzunguka nyumba kwa furaha yake, anazima taa. Moja. Nyingine. Nyingine. Mwanamke aliimba kila taa ikizimwa, kila mara kwa sauti ndogo zaidi, mpaka giza likabaki na pumzi yake.

Kiitikio hakikuja. Nyuma kabisa, gizani, sauti ya mzee mmoja ilianza kuimba ule wimbo wa zamani, ule wa kusimama. Wawili watatu wakamfuata, wakijikongoja. Taa zikawaka, waigizaji wameinama, na waimbaji wale wakanyamaza kama watu waliokutwa wanaongea peke yao. Kisha makofi yakaja kama mvua juu ya bati. Wanawake walisimama. Mama Mapacha alikuwa analia waziwazi.

Fundi alipiga makofi pia, ameketi, polepole, kama anayekung'uta vumbi mikononi.

"Kumbe," alisema.

Neno moja. Kisha akachukua koti lake na kuelekea mlangoni, na watu wakampisha kwa sababu alikuwa mrefu.

Chiriku hakumfuata. Alipita upande wa pili, kwenye mlango wa jukwaani, akamkuta Kadogo amezungukwa na watu, maua mkononi, miwani imepanda juu ya kichwa.

"Mama mkubwa! Umeonaje?"

"Njoo hapa, mwanangu, nikupongeze vizuri." Alimshika kiwiko akampeleka kwenye ujia mwembamba wa nyuma, kati ya masanduku ya mavazi. Mkono ulikuwa wa pongezi lakini vidole vilikuwa vya msusi, na Kadogo akajua.

"Umekasirika."

"Mimi? Nimeimbwa! Mwanamke gani anaimbwa akiwa hai halafu akasirike?"

"Sijakutaja jina, mama mkubwa."

"Na pangaboi nalo hukulitaja?"

Kadogo alitazama maua. "Nilijaribu kulitoa. Kila kitu nilichoweka badala yake kilikuwa cha uongo. Sanduku, mwavuli, kila mtu anarudi na sanduku. Pangaboi ni..." Alitafuta neno, na macho yake, hapo hapo kwenye aibu yake, yakang'aa. "Pangaboi ni yeye, mama mkubwa."

"Ndiyo. Ni yeye. Na yeye alikuwa ameketi safu ya pili, mahali ulipomweka."

"Nilidhani unajua. Nilipokuwa nakuuliza ulilia vipi, akashuka vipi, ulijua naandaa mchezo gani."

"Nilijua nasukwa! Kadogo, umekulia chini ya kiti kile. Umeokota vitana chini ya kiti kile. Kinachosemwa pale kinakwenda wapi?"

"Hakitoki."

"Nani anakifunga mdomo, anayesukwa au anayesuka?"

Kadogo akashusha miwani usoni. Nje watu walikuwa wanaita jina lake lingine, lile la kwenye mabango.

"Sawa," alisema Chiriku, na sauti yake ikashuka mpaka ikawa ngeni masikioni mwake. "Umeniuza, umeniuza. Lakini hata muuzaji hupima kilo nzima. Siku ile niliishia kwenye kulia?"

"Hapana."

"Nilisema nini tena? Sema. Una kumbukumbu nzuri, tumeiona."

Kadogo alivuta pumzi. "Ulisema baadaye alikwenda tena, siku chache tu, kufunga jenereta mahali. Ukawasha taa zote. Ukalala mshazari. Ukakosa usingizi."

"Halafu?"

"Ukaamka ukazizima mwenyewe. Moja moja, kama anavyozizima yeye. Ndipo ukalala. Na aliporudi hukulia, ulimgombeza kwa sababu ya matope ya viatu, na ukasema... ukasema hujawahi kufurahi hivyo."

"Iko wapi hiyo?"

"Nilijaribu, mama mkubwa. Nakuapia. Mtunzi wa nyimbo alijaribu. Hiyo nusu haiimbiki. Mwanamke anagombeza viatu, utaweka ngoma gani hapo? Ikija baada ya lile giza, inaua mchezo."

"Inaua mchezo, au inaua makofi?"

Kadogo alianza kulia, na kwa mara ya kwanza tangu mtoto huyo azaliwe Chiriku hakunyoosha mkono. Alimwacha kati ya masanduku, akatoka kwa mlango wa nyuma, akazunguka jengo zima akimtafuta mtu mrefu mwenye koti.

Jua lilikuwa bado kali. Alimkuta nje ya duka la magodoro, amesimama kama mtu anayechagua, lakini macho hayakuwa kwenye magodoro.

"Umeamua kuninunulia jipya?" alisema Chiriku. "Chukua lile pana, tusigombanie."

Ulikuwa utani wa kawaida, wa kila siku, na ulipotoka tu mdomoni alitamani kuurudisha.

"Usinitanie leo," alisema Fundi. Hakupandisha sauti. "Yule mwenye pangaboi ni mimi?"

Angeweza kukataa. Alikuwa na uongo wa kila aina, ameusikia kitini kwa miaka, uongo uliojaribiwa na ukafanya kazi. "Ni wewe," alisema.

"Na yule anayelia ni wewe."

"Ni mimi. Wa siku ile. Fundi, nisikilize, mchezo haukwisha pale. Wameukata." Akamweleza. Alimweleza pale pale mbele ya duka, watu wanapita na mizigo, muuza duka anachungulia. Jenereta, taa zote, usingizi uliokataa, kuamka na kuzima moja moja, viatu vyenye matope. Alikuwa msimuliaji wa mji, lakini hadithi hiyo ilimtoka vipande vipande, mwisho ukatangulia mwanzo, na kadiri alivyoieleza ndivyo ilivyozidi kufanana na kitu kilichotungwa njiani kutoka mlango wa nyuma. Hakukuwa na zeze. Hakukuwa na mwanga uliopita juu ya vichwa.

Fundi alisikiliza mpaka mwisho. "Ulizizima kama ninavyozizima mimi."

"Ndiyo. Kama wewe."

"Ulianzia wapi?"

"Jikoni. Kisha ya sebuleni, ya watoto, ya chumbani. Ya nje nikaimalizia."

Fundi alitikisa kichwa taratibu. "Ya nje ndiyo naanza nayo."

"Siku hizi. Zamani ulikuwa unaimalizia."

"Zamani?" Alifikiri. Alifikiri kwa uaminifu wote aliokuwa nao, paji la uso limekunjika, anazunguka kichwani kwenye nyumba waliyokuwa wakiishi wakati ule, chumba hadi chumba, anagusa ukuta. "Sikumbuki," alisema mwisho. "Labda."

"Labda? Fundi, nimelala na wewe maisha yangu yote, nitakosea taa ya nje?"

"Nami nimelala na wewe," alisema, "na nilikuwa nakamua shati."

Chiriku akamshika kiwiko.

"Hadithi ile nimewasimulia watu," Fundi aliendelea. "Nimemsimulia hata mtu wa mita. Na kila siku umekaa pembeni yangu unacheka."

"Nilikuwa nacheka kwa sababu ulikuwa unaipenda."

"Sasa leo nimeketi mahali, wageni wananiambia mambo ya kitanda changu, na kila walichosema kilikuwa sawasawa. Rangi ya shati. Blanketi. Hakuna walipokosea. Wewe unaniambia lako barabarani, na taa ya nje haieleweki." Alipangusa uso kwa kiganja. "Nimwamini nani?"

"Mimi! Wao walilipata kwangu!"

"Ndiyo," alisema Fundi. "Wao walilipata. Miaka yote hii mimi sikulipata. Alilipata aliyekusuka."

Muuza duka alitoka akauliza kama wanahitaji msaada. Wakamshukuru wote wawili kwa pamoja, kwa adabu, kama watu walioelewana, wakaanza kutembea. Walikwenda mtaa mzima bila neno, jambo ambalo halikuwa limewahi kutokea, na waliowafahamu waliwasalimia kwa mashaka.

Kwenye kona Fundi alisimama. "Kesho wanarudia?"

"Wanarudia wiki nzima."

"Nitakuja."

"Tutakuja. Nitamwambia Kadogo atuwekee..."

"Nitakuja peke yangu. Nitakaa nyuma."

Mizaha mitatu ilimjia Chiriku kwa mpigo, yote mizuri, na yote akaimeza. "Unataka kuangalia nini tena, baba?" Hakuwa amemwita hivyo tangu watoto waondoke nyumbani.

"Nataka kumwangalia yule mwanamke. Leo sikumwangalia vizuri."

"Mimi nipo hapa. Niangalie mimi."

Fundi akageuka, akamwangalia. Alimwangalia pale juani, watu wakiwapisha kushoto na kulia, kwa makini yale yale anayosomea mita ya nyumba asiyoijua, akitafuta namba iko wapi. Chiriku alisimama wima, hakukwepesha macho.

"Wewe," alisema Fundi mwishoni, na haikuwa hasira, kwa sababu hasira angalau angeijibu, "wewe sijui kama utaniambia."

Akavuka barabara.